Haki Yake Mpeni

Miaka ishirini na sita nilikuwa ulimi wa watu wengine
katika Mahakama Kuu ya Mombasa, chumba cha pili,
feni moja inazunguka, nyingine imekatika bawa.
Jaji anasema Kiingereza, mimi nakimeza,
nakitoa Kiswahili; kwa mtu wa Kinango, Kiduruma.
Hati za shamba, talaka, magendo ya sukari,
vyote vimepita kati ya meno haya ya bandia.

Siku ya Nyawa Tsuma jaji alisoma dakika arubaini,
kisha akafika pale. Sentensi fupi.
Nikaisaka kwa Kiduruma
na neno lililonijia ni lile la kumfunga mbuzi.
Kamba, nikasema. Shingo. Nikaonyesha kwa mkono,
Mungu anisamehe, kama fundi anayempima mtu kola.
Nyawa akauliza, "Lini?"
Nikatafsiri: lini?
Jaji alikuwa ameshafunga faili.

Kosa lenyewe: Magongo, alfajiri,
panga, na baiskeli ya Shee Kombo, mchuuzi wa boflo.
Mikate sitini kwenye kreti. Shee hakuiona adhuhuri.
Mamake, Bi Mwanakheri, hakukosa kikao hata kimoja,
risiti za hospitali ndani ya mkoba, mkoba juu ya magoti.
Alinishika mkono mlangoni:
"Umemwambia vizuri? Ameelewa?"
Nikasema ameelewa.

Lugha yetu haina haya. Kunyonga ni kitanzi,
na kunyonga ni kupanda mlima wa Changamwe
kwa baiskeli yenye mikate nyuma,
na mnyonge ni yule asiye na wakili.
Wahenga wakavishona pamoja: mnyonge mnyongeni,
haki yake mpeni.
Nimeisikia harusini, nimeisikia mpirani, watu wanacheka.
Mimi hujiuliza ataipokea kwa mkono upi,
mikono ikiwa imefungwa nyuma.

Karibu na kustaafu nikaitwa hoteli moja ya Nyali, semina.
Mgeni alikuwa na orodha: kamba, risasi, kiti cha umeme, gesi, sindano.
Ipi ina heshima. Ipi haiumizi.
Kamba ina hesabu zake, uzito wa mtu na urefu wa kushuka;
ukikosea futi moja anabaki akirusha miguu.
Haya nayo niliyasema, kwa sauti yangu ya kazi.
Kwenye sindano nikakwama.
Kwetu sindano ni ya surua,
mama anampuliza mtoto bega.
Kisha chai, keki, na swali: je, inazuia uhalifu?
Wakatoa michoro, mistari ya kupanda na kushuka.
Mkalimani haulizwi.

Lakini mimi nilikuwa nimemuuliza Nyawa,
korido ya mahabusu, tukimngoja askari mwenye funguo:
"Kwani hukujua sheria inasemaje?"
Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya meli.
"Nilijua taa ya pale kona imekufa," akasema.
"Tangu masika."

Baadaye walibadilisha balbu.
Boflo hupita pale alfajiri hadi leo, hakuna anayeigeukia.
Sina mchoro wa hilo. Nina miguu, napita.

Kitanzi, nasikia, hakijafanya kazi miaka mingi.
Nyawa alibadilishiwa, akapewa maisha; ana mvi,
yuko Shimo la Tewa, anashona mikeka.
Bi Mwanakheri nilimkuta Marikiti akichagua ndimu.
"Wamemnyonga?"
"Hapana. Hawatamnyonga tena."
Akairudisha ndimu, akachukua nyingine, akaiminya.
"Nilidhani nitalia," akasema. Kisha:
"Na baiskeli ya mwanangu?"

Kielelezo namba tatu. Nilikwenda stoo kuitafuta.
Ilikuwa nyuma ya magunia ya bangi, tairi zimelala,
kadi yake imefungwa kwenye usukani kwa kamba ya katani.
Nikainua gurudumu la nyuma,
nikanyonga pedali kwa mkono.
Lilizunguka.